Waliolipa Haraka Ndio Walioonekana Hawajalipa

Tata yangu ni mweka hazina wa chama kimoja hapa Makongeni, Thika. Chama kina wanachama 22, wote akina mama. Mchango ni shilingi 500 kila Jumatatu, na kila wiki mmoja anabeba 11,000 nyumbani. Kwa miaka mingi kazi yote ilikuwa kwenye daftari la kurasa 96, kalamu ya bluu kwa aliyelipa na nyekundu kwa asiyelipa. Sijawahi kusikia shilingi imepotea.

Halafu nikaja mimi, kijana wa kompyuta, nikamwambia, "Tata, hii daftari ni ya zamani. Wacha nikutengenezee programu."

Nikatengeneza. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi programu inamtumia kila mama ombi la M-Pesa kwenye simu, anaweka PIN, pesa inaingia kwa akaunti ya chama, na jina lake linageuka kijani kwenye orodha inayotumwa WhatsApp. Ukifika jioni bado uko nyekundu, faini ni shilingi 50. Miezi ya kwanza kila mtu alifurahi. Niliitwa mpaka kwenye mkutano nikapewa soda.

Kisha ikaja wiki moja ambapo mama watatu walikuwa nyekundu na wote wanasema wamelipa. Mmoja wao ni mama wa sukuma ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Huyo analipa kabla hajatoka kwenda sokoni. Akatoa simu, akaonyesha ujumbe wa M-Pesa, nambari ya stakabadhi iko, saa iko. Wiki ya pili, hao hao watatu. Wiki ya tatu, tena wao. Mara tatu mama aliyekuwa zamu yake akapokea 9,500 badala ya 11,000.

Sasa fikiria wewe ndiwe umekaa kwenye hicho kikao. Pesa imetoka kwa simu ya mwanachama, stakabadhi iko. Kwenye orodha haiko. Na simu ya akaunti ya chama inashikwa na nani? Na tata yangu.

Hakuna aliyesema neno mwizi. Akina mama wa chama hawasemi hivyo. Walisema, "Labda tubadilishane kazi kidogo, wewe pia upumzike." Tata alirudi nyumbani, akanipigia simu, akaniambia sentensi moja: "Hiyo mashine yako imenitukana mbele ya watu."

Usiku huo nilikaa kwake mpaka saa saba nikilinganisha taarifa ya akaunti na orodha yangu, stakabadhi moja moja. Pesa yote ilikuwa ndani, shilingi 4,500, malipo tisa. Haikuonekana mapema kwa sababu akaunti hiyo hiyo huwekwa pesa ya faini na ya matanga, kwa hivyo salio halikumshtua mtu. Na malipo hayo tisa yalikuwa na kitu kimoja kinachofanana: yote yaliwekwa PIN haraka sana. Mama aliyezubaa akitafuta miwani alikuwa kijani. Mama aliyeshika simu akilipa papo hapo alikuwa nyekundu.

Yaani programu yangu ilikuwa inawaadhibu waaminifu kwa sababu ya uaminifu wao. Na kosa halikuwa la mtandao. Lilikuwa langu, na ni kosa ambalo naona karibu kila kijana anayeandika programu hapa kati ya Thika na Ruiru analifanya, kwa sababu ndivyo tunavyofundishana. Leo nataka tuliongelee vizuri. (Nitasema "msimbo" kwa kile tunachoandika, kwa sababu nikisema "kodi" mtadhani naongea na landlodi.)

Kwanza tuelewe malipo yanavyotembea. Safaricom ilianzisha M-Pesa Machi 2007, na mwaka 2017 ikafungua Daraja, mlango ambao programu zetu hupitia kuzungumza na M-Pesa. Ukiomba STK Push kupitia Daraja, unapata majibu mawili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Jibu la kwanza linakuja mara moja: "ombi limepokelewa", pamoja na kitambulisho kinachoitwa CheckoutRequestID. Hilo halimaanishi mtu amelipa. Linamaanisha tu barua yako imefika posta. Jibu la pili linakuja baadaye, kwenye anwani ya seva yako uliyoiandika ndani ya ombi, likiwa na kitambulisho hicho hicho na matokeo: 0 kama amelipa, 1 kama salio halitoshi, 1032 kama amekataa, 1037 kama simu haikujibu.

Kati ya jibu la kwanza na la pili hakuna saa inayotawala. Inaweza kuwa sekunde nne au dakika nzima.

Msimbo wangu ulikuwa hivi: tuma ombi, pokea jibu la kwanza, tuma SMS ya kumkumbusha mama aweke PIN, subiri kampuni ya SMS iseme "imetumwa", kisha andika CheckoutRequestID kwenye databesi. Unaona shimo? Asubuhi ambazo SMS ilikuwa inachelewa, mama wa sukuma alikuwa ameshaweka PIN, jibu la pili limeshafika kwa seva yangu, na databesi bado haijawahi kusikia hicho kitambulisho. Na mimi, kwa akili zangu, nilikuwa nimeandika: "Kama hukijui kitambulisho, puuza." Nikajibu "sawa, nimepokea", nikatupa ujumbe. Sekunde kumi baadaye ndiyo nikaandika kwamba namsubiri huyo mama alipe. Nikamsubiri mpaka jioni. Nikampiga faini.

Hii kitu ina jina na historia ndefu kuliko M-Pesa. Ni itifaki inayoita itifaki nyingine ndani yake, katika dunia isiyo na saa ya pamoja. Itifaki kubwa ni mchango wa wiki. Ndani yake kuna itifaki ndogo 22 za malipo, moja kwa kila mama. Ndani ya kila malipo kuna nyingine: ya SMS, ya PIN, hata Fuliza, ambayo tangu 2019 inaweza kuingilia katikati na kukopesha pale salio linapopungua. Kila moja inatuma ujumbe wake na kusubiri majibu yake.

Tukichora kwenye karatasi tunaandika: "Hapa, ita malipo. Yakikamilika, endelea." Neno "ita" ndilo linatudanganya. Kwenye hesabu za kawaida, ukiita fanksheni, haipo mpaka uiite, na ikimaliza imekwisha. Kabla ya kuiita hakuna kinachoweza kutoka ndani yake, na baada ya kumaliza hakuna kinachobaki. Itifaki ndogo haiko hivyo. Nusu yake iko kwako na nusu iko kwa watu wengine, na hao wengine hawasubiri wewe ufike kwenye mstari wako wa "ita". Wanaweza kuanza kabla yako. Wanaweza kuendelea baada yako.

Chukua mfano wa parseli. Uko Thika, unampa makanga mzigo ampelekee ndugu yako Ruiru. Kawaida unampigia ndugu: "Kuna mzigo unakuja, ngoja kwa steji." Lakini siku hiyo simu yako haina chaji, barabara iko wazi, matatu inapaa, mzigo unafika Ruiru kabla ya simu yako. Ndugu bado hajui chochote. Sasa makanga afanye nini? Autupe mzigo kwa sababu hakuna anayeusubiri? Hapana. Anauacha kwa yule jamaa wa kibanda hapo steji, umeandikwa jina. Ndugu akisikia habari, anakuja kuuchukua. Kila mtu anayetumia matatu anaelewa hilo bila kwenda shule. Mimi nilikuwa nimejenga steji isiyo na kibanda.

Hebu sasa tuipeleke mbali zaidi ya M-Pesa, kwa sababu kwenye M-Pesa angalau kuna mkubwa mmoja ambaye kumbukumbu zake zinamaliza ubishi. Kuna dunia nyingine ambapo hakuna mkubwa, kompyuta kadhaa zinakubaliana zenyewe, na baadhi yao zinaweza kuwa zinadanganya. Mwaka 1982 Lamport, Shostak na Pease waliliandika tatizo hilo kama majenerali wa Bizanti. Mimi naliona kama chama kisicho na mweka hazina.

Mwaka 1987 Gabriel Bracha alichapisha njia ya kutangaza jambo hivi kwamba hata mtangazaji akiwa mwongo, waaminifu wote wataishia na neno moja au wasiwe na neno kabisa. Chukua mama wanne, mmoja wao anaweza kuwa mwongo. Wa kwanza anamtumia kila mmoja: "Wiki hii zamu ni ya fulani." Kila anayesikia anawarudishia wote: "Mimi nimesikia hivi." Ukipata mwangwi unaofanana kutoka kwa watatu, unawaambia wote: "Niko tayari kuliandika." Na hata kama hukupata mwangwi wa kutosha, ukisikia wawili wamesema wako tayari, nawe unasema uko tayari. Ukipata "tayari" tatu, unaandika. Hesabu yake ni kwamba wote wawe zaidi ya mara tatu ya waongo: kwa mwongo mmoja watu wanne, kwa waongo wawili watu saba.

Hiyo peke yake ni rahisi, jioni moja unaiandika. Shida inaanza ukiiita ndani ya kitu kikubwa. Tuseme mama wote wanne wana pendekezo, na wanataka kukubaliana ni mapendekezo ya nani yaingie. Njia inayotoka kwa Ben-Or, Kelmer na Rabin, 1994, ambayo mwaka 2016 ilitumiwa ndani ya HoneyBadgerBFT, ni hii: kila mmoja atangaze pendekezo lake kwa njia kama ya Bracha, kisha kwa kila pendekezo wapige kura ya ndiyo au hapana. Tangazo la fulani likikufikia, unapiga ndiyo kwenye kura yake. Kura tatu zikishatoka ndiyo, kwenye zilizobaki unapiga hapana. Unasubiri kura zote ziishe.

Hesabu sasa: watu wanne, matangazo manne, kura nne. Itifaki ndogo nane zinaenda kwa wakati mmoja ndani ya kompyuta moja, na kila kura ina raundi zake, na kila raundi inaweza kuita itifaki nyingine ya kurusha sarafu ya pamoja. Kwa nini sarafu? Kwa sababu mwaka 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwamba, bila saa ya pamoja, akiwepo hata mmoja tu anayeweza kuzimika, hakuna itifaki isiyo na bahati nasibu inayoweza kuahidi kwamba watu watakubaliana kila mara. Ukimya haukuambii kama mtu amekufa au mtandao umelala. Kila Mkenya aliyewahi kuambiwa "mteja hapatikani" anaijua hiyo hali.

Sasa uko kwenye msimbo. Wewe bado unasubiri tangazo la tatu. Wenzako wawili walishalipata zamani, wako kwenye kura ya tatu, raundi ya pili. Ujumbe wao unakufikia: "kura ya 3, raundi ya 2, nasema ndiyo." Kwako kura ya tatu haijazaliwa. Ukiutupa, hautarudi, maana wao wameshautuma na wanaamini umeupata. Ukitupa ya kutosha, unakaa milele ukisubiri kura ambazo zilishafika mlangoni kwako ukazifukuza. Ni mama wa sukuma yule yule, ila amevaa suti.

Karatasi nyingi za kisomi zinalipita jambo hili kwa mstari mmoja, au hazilisemi kabisa. Siwalaumu. Wao wanaandika hesabu, na kwenye hesabu ujumbe hukaa hewani mpaka utakapoutaka. Kwenye seva yangu ya bei ya chini hakuna hewa. Kuna foleni, na mtu lazima aamue kinachokaa na kinachotupwa.

Basi, maoni yangu. Nayasema kama mtu aliyeacha chuo, kwa hivyo mnisahihishe, lakini nimeyalipia.

Moja: kila itifaki ndogo iwe na jina kamili, kama anwani ya nyumba. Usiseme "kura", sema "chama/wiki-14/kura-3/raundi-2". Jina litoke kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ili ujumbe ukifika ujue unakwenda chumba gani bila kubahatisha. Kwenye Daraja, anwani ya jibu la pili unaiandika wewe mwenyewe katika kila ombi. Tengeneza nambari yako kabla ya kuomba, iandike kwenye databesi kwanza, kisha iweke ndani ya anwani hiyo. Hata kama hujapata CheckoutRequestID, jibu likija utamjua mwenyewe.

Mbili: sanduku la barua lijengwe ujumbe wa kwanza unapofika, si wakati unapoita. Ndicho kile kibanda cha steji. Lugha ya Erlang, iliyotengenezwa Ericsson, ilijengwa hivi tangu mwanzo: kila mchakato una sanduku lake, na ujumbe usiolingana na unachotafuta sasa unabaki ndani mpaka utakapoutafuta. Seva za WhatsApp ziliandikwa kwa Erlang. Kwa hivyo orodha yangu mbovu ilikuwa inasafiri ndani ya mfumo ulioelewa jambo hili kuliko mimi.

Lakini kuwa macho, sanduku lisilo na kikomo ni mwaliko kwa mhuni. Mwongo mmoja anaweza kukutumia ujumbe wa raundi ya milioni moja mpaka kumbukumbu ya seva ijae. Kwa hivyo weka mipaka: mtumaji awe mwanachama, jina liwe la kitu kinachoweza kuwepo, na kila mtumaji awe na nafasi yake ndani ya sanduku. Kujaza kwa mmoja kusimfukuze mwingine.

Tatu: usifunge duka kwa sababu wewe umeshapata ulichotaka. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kwenye tangazo la Bracha, mwenzako anaweza kuhitaji "tayari" yako ili amalize. Mzazi wako akisema "tumepata jibu, zima watoto wote" kabla hujaituma, umemwacha mwenzako barabarani usiku. Kumaliza kupata jibu ni jambo moja, kumaliza kuwasaidia wengine ni jambo lingine, na msimbo uwe na maneno mawili tofauti kwa hayo. Kwenye malipo ni hivyo hivyo: saa yako ikifika sekunde 60 ukaandika "ameshindwa kulipa" na kufuta kila kitu, kisha sekunde ya 61 jibu likaja na 0, pesa ya mtu imo kwako na wewe umemfuta. Saa kuisha si jibu. Ni wewe tu umechoka kusubiri. Daraja ina njia ya kuuliza hali ya ombi. Uliza.

Nne: ujumbe ule ule ukija mara mbili uhesabiwe mara moja. Nambari ya stakabadhi ya M-Pesa haijirudii, ifanye iwe ufunguo.

Tano, na hii ndiyo ninayoipigia kelele: jaribu msimbo wako kwa kuchanganya mpangilio. Sisi sote tunajaribu kwa simu moja mezani, mtandao mzuri, tunaweka PIN taratibu tukirekodi skrini, inafanya kazi, tunapiga makofi. Andika seva bandia inayoshikilia ujumbe wote na kuutoa ovyo kama karata: jibu la pili kabla ya la kwanza, moja mara mbili, jingine baada ya saa nzima. Iendeshe mara elfu kumi usiku, na uhifadhi nambari ya bahati iliyochanganya ili kosa likitokea uweze kulirudia. Nilipofanya hivyo kwa programu ya tata, ilivunjika kabla sijamaliza kumimina chai. Ningefanya kabla, tata asingepitia aliyopitia.

Najua kuna watakaosema naleta mambo makubwa kwa kitu kidogo. Chama cha mama 22 kinahitaji Bracha kweli? Si uweke tu neno la kusubiri, await, kila mahali, mambo yaende kwa foleni? Nimelifikiria. Chama hakihitaji Bracha, hapo mko sawa. Lakini kusubiri kila mahali ndiko kulikoniangusha! Nilisubiri SMS katikati, na nikiwa nimesubiri dunia iliendelea bila mimi. Neno la kusubiri linapanga mistari yangu tu, halimpangi mama wa sukuma.

Wengine watasema turudi kwa daftari. Hili naliheshimu zaidi, na tata mwenyewe alilisema. Daftari lilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mwandishi mmoja, chumba kimoja, na pesa mkononi. Anayelipa na anayeandika wanatazamana. Siku tulipohamisha mchango kwenda kwenye simu 22 zilizotawanyika kutoka Kiganjo mpaka Ruiru, tulijenga mfumo uliosambaa bila kuambiana. Hakuna aliyepiga kura. Mimi ndiye niliyeamua, na sikujua kama nimeamua.

Na hapo ndipo naona sisi tunaotengeneza video za kufundisha tuna deni. Mimi nilikuwa na video: STK Push kwa dakika kumi. Ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuweka. Dakika zote kumi ni za njia ambayo kila kitu kinaenda vizuri. Hakuna hata sekunde moja ya ujumbe kufika mapema. Sijui ni watu wangapi wamenakili ule mstari wa "kama hukijui, puuza" wakaupeleka kwenye maduka, kwenye sacco, kwenye karo za shule. Nimeitoa. Mpya itakuwa ndefu, itachosha, na itapata watazamaji wachache. Sawa tu.

Jumatatu iliyofuata nilienda kwenye mkutano mwenyewe. Nilibeba taarifa ya akaunti imechapishwa, malipo tisa nimeyapigia mstari, na shilingi 450 za faini kutoka mfukoni mwangu. Nikaeleza kwa mfano wa parseli na steji. Mama wa sukuma akaniuliza swali ambalo ni bora kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kuhusu msimbo: "Kwa hivyo ulijua nimelipa, lakini hukujua kwamba ulijua?"

Ndiyo, mama. Hivyo hasa.

Orodha sasa ina rangi tatu. Kijani, amelipa. Nyekundu, tumeuliza na tumepata jibu kwamba hajalipa. Njano, hatujui bado. Mwanzoni nilidhani njano itawakera, kumbe ndiyo waliyoipenda. Tata aliniambia kwenye daftari alikuwa nayo siku zote: jina la mtu ambaye hana hakika naye aliliandika kwa penseli, halafu akauliza. Mimi nilipohamisha daftari kwenda kwa kompyuta, penseli ndiyo niliyoisahau.

Kwa hivyo kama una programu inayopokea majibu ya malipo, ifungue leo, tafuta mahali ulipoandika "sikijui hiki, tupa". Badilisha kuwa "sikijui hiki, weka". Mengine tutasaidiana polepole.